Amplifaya ya wati 1,500 kwenye IST: ninunue nini kwanza?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Naishi Chumbageni, Tanga, na gari langu ni Toyota IST ya 2004, bado ina redio iliyokuja nayo kutoka Japani. Redio yenyewe inashika stesheni chache mno. Nimetenga shilingi 1,500,000 nifunge muziki wa maana. Nasikiliza zaidi taarab ya zamani, na bongo fleva kidogo. Fundi mmoja ameniandikia orodha: amplifaya ya wati 1,500, sabufa mbili za inchi 12, spika za milangoni "za kawaida tu", na waya wa kwenye boksi unaouzwa seti nzima. Ninunue hivyo? Na unyevu wa huku pwani unaharibu nini?

JIBU: Usinunue hivyo, ndugu. Orodha hiyo imeanzia mkiani.

Sauti ya mwimbaji wa taarab, fidla, akodiani na kanuni (ile ala ya nyuzi), sehemu kubwa ya vyote hivyo iko kati ya hezi 100 na 5,000. Hiyo ni kazi ya spika za milango ya mbele na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba), yaani zile zile ulizoandikiwa "za kawaida tu". Sabufa inaingia chini ya hapo. Gitaa la besi, ambalo wapenzi wa kikundi cha taarab cha Black Star cha hapo hapo Tanga wanalijua vizuri, waya wake mnene kuliko yote hutoa hezi 41. Sabufa moja ya inchi 10 katika boksi zuri inafika huko bila taabu. Mbili za inchi 12 zitakula buti lote la IST na bado mwimbaji atasikika kama yuko chumba cha pili.

Hiyo 1,500 nayo ichunguze. Geuza amplifaya utazame fyuzi zilizochomekwa ubavuni, kisha jumlisha ampea zake. Tuseme ni moja ya 30. Gari likiwa linanguruma umeme ni kama volti 13.8, kwa hiyo 30 × 13.8 ni wati 414 zinazoingia. Amplifaya ya daraja D hugeuza takribani robo tatu ya umeme huo kuwa sauti, basi unabaki na wati 310 hivi. Ya daraja AB hubaki na nusu au zaidi kidogo. Wati 1,500 zitoke wapi? Namba ya kufuata ni ya RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, iliyopimwa kwa volti 14.4 na ukinzani wa spika wa omu 4 bila mkwaruzo kuzidi asilimia 1. Amplifaya iliyopimwa kwa kipimo cha CTA-2006 huandikwa hivyo kwenye boksi. Ikiwa boksi lina neno "MAX" tu na RMS haionekani popote, irudishe rafuni.

Redio nazo hudanganya vivyo hivyo. Ile iliyoandikwa "50W × 4" hutoa wati 18 hadi 22 za kweli kwa kila spika. Hapa hakuna fundi wa kulaumiwa, ni hesabu tu: kwa volti 14.4 bila kifaa cha kupandisha umeme ndani, haiwezi kuvuka wati 26 safi kwenye omu 4.

Sasa spika. Milango ya mbele ya IST hupokea spika ya inchi 6.5, lakini spika ya Toyota huja na fremu yake ya plastiki iliyoumbwa pamoja nayo. Ukiitoa, unabaki na tundu kubwa kuliko spika mpya. Utahitaji ringi ya kufungia. Kabla ya kulipa, shusha kioo mpaka mwisho, pima kutoka uso wa bati hadi kwenye kioo, ongeza unene wa ringi, kisha linganisha na kina kilichoandikwa kwenye boksi la spika. Nyingi zina kina cha milimita 60 hadi 70. Wengi husahau kupima, na kioo kinakuja kugonga sumaku siku ya kwanza unapokishusha.

Chukua seti ya vipande viwili, yaani spika ya mlangoni, twita peke yake na krosova yake (kichujio kinachogawa sauti nene na nyembamba). Twita ikikaa kwenye pembetatu ya kioo cha pembeni, sauti inapanda hadi usawa wa dashibodi. Ile ya twita iliyobebwa katikati ya spika inakupigia magotini. Angalia pia usikivu wake kwa desibeli. Spika ya desibeli 91 huhitaji nusu ya wati ambazo ya 88 inazitaka kwa sauti ile ile. Ila soma maandishi madogo: baadhi ya watengenezaji hupima kwa volti 2.83 badala ya wati 1, na kwa spika ya omu 4 hizo volti ni wati 2 kamili. Hapo toa desibeli 3 kabla ya kulinganisha.

Kuhusu pwani, jibu lako liko kwenye koni na ukingo. Karatasi tupu isiyopakwa kinga hunywa unyevu na kulegea. Ukingo wa sponji hukauka, ukapasuka na kumomonyoka kama mkate mkavu. Koni ya polipropilini na ukingo wa mpira ndivyo vinavyofaa Tanga, hata kama karatasi ina wapenzi wake (wana sababu, ila wengi wao hawaishi jirani na bahari).

Spika bora kwenye mlango mtupu ni hasara. Bati la nje ni jembamba, linatetemeka kama debe, na sauti ya nyuma ya koni inapita kwenye matundu makubwa ya bati la ndani na kuua besi ya mbele. Toa kava la mlango, safisha bati kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha bandika mpira wa butili wenye foili, unene wa milimita 2, ukiusugua kwa rola mpaka michoro ya foili ilale. Bati la nje halihitaji kufunikwa lote, robo hadi theluthi inatosha. Bati la ndani ndilo la kuziba kabisa. Usikubali ule wa lami kwa sababu ni rahisi: gari likishinda juani, unateleza na kunuka. Na matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaache wazi. Maji yakituama humo, pamoja na chumvi ya hewani, mlango utaoza kutoka ndani.

Amplifaya moja inakutosha: chaneli 4, wati 75 RMS kwa kila chaneli kwenye omu 4. Chaneli mbili ziendeshe spika za mbele. Mbili zilizobaki zifungwe kwa briji, yaani ziunganishwe zifanye kazi kama moja, ziendeshe sabufa, na hapo utapata kama wati 200 hadi 250. Sabufa iwe ya omu 4 kwa jumla. Ukichukua yenye koili mbili, nunua ya omu 2 kila koili uzifunge kwa mfululizo zipate 4. Ya omu 4 mbili ukizifunga sambamba inakuwa 2, na kwenye briji kila chaneli itaona omu 1. Ikizima yenyewe kwa joto ushukuru, nyingine huungua. Spika za nyuma ziache zilivyo, zipigwe na redio kwa sauti ya chini, au zizimwe.

Waya wa seti ya boksi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba halisi, na kwenye hewa ya chumvi ncha zake huota unga mweupe, muunganisho unapata joto. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha ndani, achana nao. Wewe nunua shaba tupu ya milimita mraba 16, mita 5 kutoka betri hadi buti. Ikipita ampea 30 utapoteza volti 0.16 tu njiani. Waya wa alumini wa milimita mraba 8 ungepoteza zaidi ya nusu volti, na besi ingekuwa inalegea kila ngoma inapopigwa. Ukipata waya wa boti, ule wa shaba iliyopakwa bati, huo ndio wa kwetu hasa, lakini si lazima.

Fyuzi ya ampea 40 ikae kwenye waya chanya, si zaidi ya sentimita 45 kutoka betri. Hailindi amplifaya, inalinda gari lisiwake moto waya ukichunwa na bati. Waya wa ardhi, yaani hasi ya amplifaya inayofungwa kwenye bati la gari, uwe wa unene ule ule na usizidi sentimita 45. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga kwa boliti yake (usitumie ya mkanda wa usalama), kisha paka grisi juu ili chumvi isiingie. Waya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, zipite upande mmoja wa gari, waya wa betri upande mwingine. Mlio unaopanda na kushuka unapokanyaga mafuta mara nyingi chanzo chake ni ardhi mbovu, na kwenda kununua kichujio kabla ya kukagua ardhi ni kutupa pesa.

Boksi la sabufa liwe la kuzibwa. Kwenye karatasi ya vipimo inayokuja na sabufa tafuta namba mbili, Vas (kwa lita) na Qts. Chukua 0.707, gawa kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1, kisha gawa Vas kwa hicho ulichopata. Mfano, Vas ni lita 30 na Qts ni 0.5: 0.707 ÷ 0.5 ni 1.414, ikizidishwa kwa yenyewe ni 2, ukitoa 1 inabaki 1, basi boksi ni lita 30. Ongeza lita 2 zinazochukuliwa na sabufa yenyewe. Vipimo vya ndani vya sentimita 40 × 32 × 25 vinakupa lita 32 kamili, na buti linabaki na nafasi ya kikapu cha sokoni. Tumia plaiwudi ya marini ya milimita 18. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) inasifiwa sana, lakini ncha zake zilizokatwa hunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo ukiitumia zipake gundi ya mbao iliyozimuliwa, mara mbili. Boksi likivuja hewa, besi inapiga "puu" bila kiini: pitisha silikoni pembe zote za ndani, uiache ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa, maana mvuke wake hushambulia gundi za koni.

Redio yako ya Kijapani haina ugonjwa. Japani FM yao ilikuwa megahezi 76 hadi 90, sisi tunatumia 87.5 hadi 108, ndiyo maana unapata stesheni za mwanzoni mwa bendi tu. Kile kifaa cha kuhamisha bendi kinaleta mikwaruzo, afadhali ubadilishe redio. Tafuta yenye matokeo ya RCA ya volti 4, krosova ndani yake, na uwezo wa kuchelewesha sauti kwa kila spika. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200 na redio nyingi ni 178, kwa hiyo nunua na vipande vya kuziba pembeni. Nunua pia soketi ya kubadilishia ya Toyota, ya pini 10 na 6, ili asikatwe waya hata mmoja wa gari.

Kuseti: zima ekwalaiza zote, chomoa spika, weka redio kwenye robo tatu ya sauti. Piga toni ya hezi 400 kwa chaneli za mbele na pima volti za AC kwenye amplifaya, zungusha skrubu ya geini (inayopandisha nguvu ya amplifaya) hadi usome 17.3, ambazo ni wati 75 kwenye omu 4. Kwa sabufa tumia toni ya hezi 50 na ukomo wa volti 28, yaani wati 200. (Multimita za bei nafuu hupotoka juu ya hezi 400, usipime kwa 1,000.) Kata spika za mbele zisishuke chini ya hezi 80, sabufa isipande juu ya 80. Kisha pima kwa futi kutoka kichwani mwako hadi kila spika. Ya kulia, iliyo karibu nawe, ikiwa sentimita 80 na ya kushoto 130, tofauti ni 50: icheleweshe ya kulia milisekunde 1.4. Hapo mwimbaji atahama kutoka mlangoni na kukaa katikati ya dashibodi. Ikiwa besi inapungua unapowasha spika zote, geuza waya za sabufa, chanya iwe hasi, usikilize tena.

Pesa yako ikishindwa kutosha yote, anza na spika za mbele, milango na redio. Amplifaya ifuate, sabufa iwe ya mwisho. Ila waya wa milimita mraba 16 upitishe tangu sasa wakati mazulia yako nje, na ncha yake ya upande wa betri uiache bila kuunganishwa, umeizungushia tepu, mpaka amplifaya ije.