Maji ya rangi na mimea ya majini: maswali ya wasomaji

Nafuga kuku Tabata na nina azola, mmea mdogo unaoelea majini ninaowalisha, kwenye bwawa la turubai. Tangu jirani aanze kutengeneza batiki, maji yake yanavuja hadi bwawani na azola imekuwa nyekundu. Ni rangi yake imeingia kwenye majani?

Mara nyingi siyo. Wekundu huo azola huutengeneza yenyewe ikipata shida, iwe ni jua kali, chumvi au upungufu wa fosforasi. Rangi ya kitambaa hunasa kwanza kwenye mizizi, kwa hiyo ugeuze mmea uuangalie kwa chini. Mizizi ikiwa na bluu au zambarau, rangi imefika. Ikiwa inakatika yenyewe, mmea umezidiwa.

Tunachokishuku zaidi ni kostiki soda, inayotumika kuyeyusha baadhi ya rangi za batiki. Inapandisha pH (kipimo cha uasidi, 7 ni katikati), na maji yakizidi 9, madini ya chuma na fosforasi hugeuka chembe ambazo mizizi haiwezi kuzinyonya. Pima kwa karatasi za pH. Kisha chukua mabeseni mawili ya lita 10, moja la maji safi na jingine la maji ya bwawa, utie gramu 1 ya TSP (mbolea ya fosforasi) kila moja. Weka kiganja kimoja cha azola iliyosuuzwa katika kila beseni, yote mawili juani mahali pamoja, na usubiri wiki moja. Yote yakitoa machipukizi ya kijani, ilikosekana fosforasi. Likipona la maji safi peke yake, kosa liko kwenye maji ya bwawa. Lisipopona hata moja, punguza jua. Kuku usiwape azola hiyo kwanza, maana baadhi ya rangi za bluu na kijani zina shaba, na azola hukusanya madini ya aina hiyo mwilini mwake.

Mimi ni mwanafunzi. Nimeotesha lemna, mmea mdogo unaoelea majini, kwenye maji yenye rangi ya metilini bluu kwa siku 7. Vijani vimepungua idadi, lakini klorofili (rangi ya kijani ya majani) imepanda. Inawezekana?

Huenda ni kosa la kipimo, na kosa hili linapita hata kwenye ripoti nzuri. Klorofili a iliyoyeyushwa kwenye asetoni ya 80% unaisoma kwa mwanga wa nanomita 663. Metilini bluu yenyewe hufyonza mwanga zaidi kwenye 664 hivi. Mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa inahesabu rangi iliyonasa kwenye mmea kana kwamba ni klorofili. Kwa fomula ya Arnon (12.7 × A663 − 2.69 × A645, ambapo A ni kiasi cha mwanga kilichofyonzwa kwenye nanomita hizo), rangi ikiongeza 0.10 tu kwenye A663, unapata takriban miligramu 1.27 kwa lita za klorofili isiyokuwepo, ukitoa kiasi kidogo kwa A645.

Piga mwanga kuanzia nanomita 400 hadi 750 uone umbo lote la mchoro, usitegemee namba mbili. Ukiweza, ongeza heksani (kiyeyusho kisichochanganyika na maji) na maji kidogo kwenye asetoni, utikise, uache vitengane: klorofili hupanda kwenye heksani, metilini bluu hubaki chini. Kumbuka fomula ya Arnon ni ya asetoni ya 80%. Ukibadilisha kiyeyusho, tafuta fomula yake.

Jambo la pili: metilini bluu ina chaji chanya, hivyo hushika kuta za seli zenye chaji hasi, na ikipigwa na mwanga huzalisha oksijeni kali inayochoma utando wa seli. Ongeza seti moja yenye mwanga hafifu, pamoja na seti ya maji safi chini ya mwanga huo huo. Uharibifu ukipungua kwenye mwanga hafifu, utakuwa umeona njia ya sumu yenyewe.

Natengeneza batiki. Nikitia jiki, maji yanakuwa meupe. Nikiyamwaga mtaroni ni salama?

Si salama. Jiki inavunja sehemu inayotoa rangi tu, vipande vya molekuli vinabaki, na klorini yenyewe inaua mimea inayoelea. Maji meupe yanaweza kuwa mabaya kuliko ya bluu.

Shida kubwa ya maji yenu ni haidrosalfaiti, dawa inayotiwa ili rangi za vati ziyeyuke majini. Gramu 1 inakula karibu gramu 0.18 za oksijeni, sawa na oksijeni yote iliyo kwenye lita 23 hivi za maji ya joto la Dar. Mizizi inakosa hewa kabla rangi haijafanya lolote. Yamwage maji yasiyotiwa jiki kwenye beseni pana, uyakoroge mara kwa mara na kuyaacha hadi kesho yake. Rangi za vati zikipata hewa hurudi kuwa chembe na kuzama. Chota maji ya juu, ndipo utie siki kidogo kidogo hadi pH 7, kisha shabu ya kutulizia uchafu. Usitangulize siki: haidrosalfaiti ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa inayobana kifua. Tope lililobaki likaushwe, lisiende bustanini. Rangi za aina ya riaktivu shabu haizikamati vizuri, na chumvi inayotiwa wakati wa kupaka rangi hizo haiondoki kabisa.

Kwa nini kwenye Mto Msimbazi matete yanastawi, lakini mimea iliyozama haionekani?

Matete yana majani hewani. Mmea uliozama unategemea mwanga unaopita majini. Rangi ikipunguza mwanga kwa nusu kila sentimita 10, kwenye sentimita 30 inabaki asilimia 12.5. Rangi za bluu hukata mwanga mwekundu, ule ule ambao klorofili inauhitaji. Tope na maji taka ya mto huo vinaongeza giza, hivyo tusiilaumu rangi peke yake.

Tukipanda magugu maji yasafishe mtaro wetu?

Msipande. Ziwa Victoria, lililovamiwa na magugu hayo, linatosha kuwa ushahidi. Tumieni matete kwenye kitanda cha kokoto kilichofungwa chini kwa turubai, na myakate na kuyatoa kabla hayajaoza, kwa sababu yakiozea humo hurudisha majini sehemu ya yaliyoyanasa na kumaliza oksijeni.