Ukinzani wa hewa: kwa mnaoanza mada ya kani

Mwanafunzi anayekuja kwangu Moshi kwa masomo ya ziada ya fizikia kwa kawaida anazijua kanuni. Kinachomshinda ni kuchora. Kwa hiyo kabla hujagusa kikokotoo, chora kitu kinachoanguka, weka mshale wa uzito ukielekea chini na wa ukinzani wa hewa ukielekea juu. Wa uzito haubadiliki. Wa hewa huanza na sifuri, kisha hurefuka kadiri kasi inavyopanda, tena kwa pupa: kwa jiwe, mpira au mtu, kasi ikiwa mara mbili ukinzani huwa karibu mara nne.

Sasa sehemu inayokula alama. Mishale ikilingana, kitu kinafanya nini? Wengi hujibu kinasimama. Hakisimami! Kinachokoma ni kuongezeka kwa kasi. Kitu chenyewe kinaendelea kushuka kwa kasi ileile, ndiyo inayoitwa kasi ya mwisho, kwa sababu hakuna kani iliyobaki ya kuibadilisha. Anayeruka kutoka kwenye ndege hufika takriban kilomita 200 kwa saa na kubaki hapo. Akifungua mwavuli, ukinzani unauzidi uzito kwa muda, naye anapunguza kasi huku bado akishuka. Kwenye video huonekana kama amevutwa juu, lakini ni kwa sababu mwenzake mwenye kamera anaendelea kushuka kwa kasi kubwa. Msibishane na mwalimu kwa ushahidi wa video hizo.

Mvua ya masika ni mfano mzuri zaidi. Tone kubwa hutua kwa karibu mita 9 kwa sekunde. Piga hesabu ya tone linaloanguka kilomita moja bila hewa: utapata mita 140 kwa sekunde. Bati lisingeachwa salama, wala mgomba.

Ukipita sokoni Mbuyuni, mtazame mama anayepepeta nafaka kwenye upepo. Kapi lina uzito mdogo na eneo kubwa, basi hewa inalimudu mapema na upepo unalibeba. Punje inashuka karibu palepale. Ni mishale ileile miwili.

Swali likisema "puuza ukinzani wa hewa", lisome mara mbili. Hapo umehamishiwa mwezini, ambako mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya vikatua pamoja. Sentensi hiyo isipokuwepo, usijibu kama uko mwezini.

Swali ninalopenda kuwapa wapya ni hili: kitu kilekile kikianguka kwenye hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, kasi yake ya mwisho itakuwa kubwa au ndogo kuliko hapa mjini? Wanakimbilia mvutano, eti kule juu umepungua. Umepungua kweli, lakini kwa sehemu ndogo mno, kama mbili katika elfu. Kilichopungua sana ni hewa: uzani wake kwa kila mita ya ujazo ni kidogo tu zaidi ya nusu ya ule wa usawa wa bahari. Mshale wa hewa unachelewa kuufikia wa uzito, na kasi ya mwisho inaizidi ya hapa Moshi kwa karibu asilimia 30.