Kuhusu Eli Manning na Canton: barua kwa mwanangu

Akron, Ohio

Kwako mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Swali lako nimelipata, nami nimekaa nalo siku tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu najua unavyompenda mtu huyo. Umeniuliza ikiwa ilikuwa haki kwa Eli Manning, aliyeshinda Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara mbili akiwa na New York Giants na kutangazwa mchezaji bora wa fainali zote mbili, kuachwa nje ya Jumba la Umaarufu la futiboli ya Kimarekani pale Canton mwaka 2025, jina lake lilipofika mbele ya wapigakura kwa mara ya kwanza. Jibu langu ni kwamba hawakumdhulumu. Usiikunje barua kwa hasira. Nisome mpaka mwisho.

Usidhani nimeusahau usiku ule wa fainali ya Februari 2008. Ulikuwa na miaka 10, umeketi zuliani karibu mno na televisheni, hamri mkononi limepoa bila kuumwa, na Patriots, wapinzani wa Giants, walikuwa wameshinda mechi zao zote 18 za msimu. Eli alikamatwa jezi na walinzi, akavutwa huku na huku, nami nikasema huyu ameshaanguka; akachomoka, akaurusha mpira juu, na mwenzake David Tyree akaudaka kwa kuukandamiza kwenye helmeti yake huku akienda chini. Zikiwa zimesalia sekunde 35, Plaxico Burress akapokea pasi ya ushindi, ikawa 17 kwa 14. Ukelele uliopiga ulimtoa baba yako kitandani, naye alikuwa na zamu ya alfajiri.

Lakini wanaopiga kura wanapima kazi ya maisha, na maisha ya Eli uwanjani yalikuwa misimu 16. Katika mechi za msimu wa kawaida alizoanza kama kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa pasi, alishinda 117 na kushindwa 117. Misimu mitatu aliongoza ligi kwa pasi zilizonaswa na wapinzani, na hakuna msimu hata mmoja ambao alichaguliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima. Ukisema Super Bowl mbili zinatosha, basi foleni inaanza na Jim Plunkett, kwotabeki wa Raiders, ambaye naye alizishinda mbili, naye alishinda mechi 72 na kushindwa 72, naye yuko nje tangu alipostaafu miaka ya 1980. Sijawahi kukusikia ukimtetea Plunkett.

Unamkumbuka yule mzee, shabiki wa Bengals, timu ya Cincinnati, niliyekuwa nikimtunza usiku, wakati wewe uko sekondari? Yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama mchezo huu bila kuufuata mpira kwa macho. Alikuwa na mkanda wa mechi ya tarehe 10 Januari 1982, iliyochezwa Cincinnati katika baridi ya nyuzi 23 za Selsiasi chini ya sifuri, upepo ukiwa juu yake. Kila nilipomwekea, alivuta blanketi hadi kidevuni, ingawa chumba chake kilikuwa na joto la kuivisha embe. Siku hiyo Ken Anderson, kwotabeki wa Bengals, aliwashinda San Diego ya kwotabeki Dan Fouts 27 kwa 7. Anderson ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi msimu huo. Misimu minne aliongoza warushaji wote kwa alama za ufanisi. Na mwaka 1982 alikamilisha zaidi ya asilimia 70 ya pasi zake, rekodi iliyodumu hadi 2009. Fouts aliingia Canton mwaka 1993. Anderson alifika hatua ya mwisho ya uchaguzi mwaka 1996, kisha tena 1998, na mara zote akarudishwa nyumbani.

Kosa lake ni lipi? Wiki mbili baada ya baridi ile, Bengals walifungwa na San Francisco 26 kwa 21 katika Super Bowl, japo yeye mwenyewe alikamilisha pasi 25 kati ya 34, idadi ambayo hakuna kwotabeki aliyekuwa ameifikia katika fainali hiyo. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Anayemkataa Anderson kwa sababu timu yake ilifungwa, na anayemtaka Eli kwa sababu timu yake ilishinda, wote wawili wanapimia mzani mmoja uliopinda. Usiku ule wa zuliani, walinzi wa Giants walimwangusha Tom Brady, kwotabeki wa Patriots, mara tano. Sehemu yao ya ushindi unataka niiandike kwa jina la nani?

Umelalamika pia kuhusu utaratibu wa kura, na hapo nakuunga mkono. Katika uchaguzi wa 2025, hatua ya mwisho walibaki wachezaji saba, kila mpigakura alichagua watano, na kiwango cha kuingia kilikuwa asilimia 80. Niliifanyia hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: wapigakura 50 wana kura 250, ukizigawa sawa kwa saba kila mmoja hapati hata 36, na zinazohitajika ni 40. Wagombea saba wenye sifa sawa wangeweza kuangushana wao kwa wao. Si ajabu mwaka 2025 waliingia wanne tu kwa jumla. Hata hivyo Eli hakufika kwenye saba hao, kwa hiyo usiitwike hesabu hii lawama ya kuachwa kwake.

Na habari ya upole wa Eli na misaada yake hospitalini, mwanangu, ni njema, ila kanuni zao zinataka wapigakura waangalie ya uwanjani tu. O. J. Simpson aliingia 1985, na sanamu yake ya shaba haikuondolewa kwa yote yaliyofuata, kesi ya mauaji na kifungo cha wizi. Mlango usiomtoa huyo hauwezi kumwingiza mwingine kwa tabia njema.

Hoja moja tu ndiyo iliyonikosesha usingizi, nawe hukuitaja. Kuanzia 2004 hadi 2017 Eli alianza mechi 210 mfululizo za msimu wa kawaida, wakati kazi yenyewe ni kusimama ukirusha mpira huku watu wa kilo 130 wanakuja kukuvunja. Mimi niliyefanya zamu za usiku miaka 19 siwezi kuipuuza namba hiyo. Ukiniandikia tena, anzia hapo, uache pete za ubingwa. Huenda nikasogea kidogo. Baba yako anauliza kama utapata likizo Agosti. Jezi yako ya buluu, namba 10, bado iko sandukuni, nami nimeipigia pasi.

Wako akupendaye,
Mama