Tairi za Fielder: zirudi nyuma moja kwa moja au zikatizwe?

Ndugu mwenye uzi, unasema Toyota Fielder yako imekula tairi za mbele hadi zinakaribia kuwa kipara, za nyuma bado zina meno, na mafundi wawili wamekupa majibu mawili. Mmoja anataka za mbele zirudi nyuma upande uleule, mwingine anataka tairi zikatizwe, ya kulia iende kushoto. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi. Yeyote pia anaweza kukuponza, maana hakuna aliyeinama kutazama tairi zenyewe.

Mimi niliponzwa. Nilikuwa na tairi zenye kishale ubavuni pamoja na neno ROTATION, wala sikujua maana yake. Fundi wa kando ya barabara akanikatizia zote nne chini ya nusu saa, nikamlipa, nikamshukuru. Siku chache baadaye mvua ya Aprili ikanikuta Thika Road, nikitoka Githurai kuingia mjini, maji yametanda barabarani. Ghafla usukani ukawa mwepesi kama wa gari la mtoto. Gari lilikuwa linaelea. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani bila kuukata, likatulia lenyewe. Spidi yangu ilichangia, sikatai. Lakini tairi za namna hiyo zimechongwa meno kama herufi V ili zikizunguka upande wa kishale zisukume maji nje. Ukizikatiza zikiwa kwenye rimu zake, zinazunguka kinyume na kazi hiyo inaharibika. Basi ukiona kishale, ya mbele ibadilishane na ya nyuma upande huohuo, na yaishie hapo.

Kama hakuna kishale, cha kuuliza ni magurudumu yapi yanayosukuma gari. Fielder nyingi huvutwa na ya mbele. Hayo ndiyo yanayovuta, yanakata kona, tena yanabeba sehemu kubwa ya breki, ndiyo maana yanaisha kwanza. Utaratibu wa kawaida ni huu: za mbele zirudi nyuma moja kwa moja, za nyuma zikatizwe zinapokuja mbele. Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace za matatu, ni kinyume: za nyuma zije mbele moja kwa moja, za mbele zikatizwe zikirudi nyuma. Kama Fielder yako ni ya kuvuta magurudumu yote manne, fuata kitabu cha gari.

Sasa kwa hali yako, nitakuwa mkali kidogo. Tairi iliyokaribia kipara kuipeleka nyuma ni kuificha tu. Tairi za nyuma zikikosa mshiko kwenye maji, mkia wa gari unateleza na utajikuta umeangalia ulikotoka. Chungulia ndani ya mifereji ya tairi: kuna vijituta vidogo vya mpira, vimewekwa kwenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, hiyo tairi imekwisha. Nunua mbili mpya, zifungwe nyuma, zile zako za nyuma zenye meno ndizo zije mbele.

Kabla ya kulipia chochote, tazama zilivyolika. Zimelika ukingo wa ndani pekee? Nenda alaimenti kwanza (magurudumu yanyooshwe sawasawa), la sivyo mpya nazo zitakwenda njia hiyohiyo. Katikati ni upepo mwingi, kingo zote mbili ni upepo mdogo. Ukipitisha kiganja ukahisi mawimbi, kagua shokabzoba. Kwangu huwa ni ya mbele kushoto inayotangulia, na nashuku zile raundabauti ninazozunguka kila siku, kwa sababu ukikata kulia uzito wote unalalia kushoto.

Mimi huhamisha tairi hivi kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Gari langu hubadilishwa oili kila kilomita 5,000, kwa hiyo ni kila sevisi ya pili, sihitaji kukumbuka.

Ukifanya nyumbani, tafuta pahali tambarare na pagumu, si murram laini. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Usiingie uvunguni kwa kutegemea jeki peke yake. Nati zikazwe kwa kuruka, ya juu kisha ya upande wa pili, zisifuatane kwa duara. Spana ya kupima nguvu ikipatikana, nyingi za Toyota ndogo zinataka 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Vijana wenye mashine ya upepo hukaza hadi siku ya pancha unaning'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba. Ukishatembea kama kilomita 100, zijaribu tena. (Na yale mawe uliyozuilia magurudumu, tafadhali yaondoe barabarani. Wakenya tunajijua.)

Upepo nao urekebishwe, maana wa mbele na wa nyuma si lazima ulingane. Kibandiko chenye vipimo vya upepo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza, chukua chaki uandike kwenye kila tairi ilikotoka: MKS mbele kushoto, MKL mbele kulia, na kadhalika. Fundi akikwambia amezihamisha, utasoma mwenyewe. Halafu tupigie picha ya ubavu wa hizo tairi uiweke hapa, tuone kama kuna kishale.