Kabla hajapanda ndege kwenda Somalia, kaeni chini muulizane

Ijumaa ya tarehe 26 Mei 2023 nilikuwa jikoni, nyumbani Bombo, mji wa jeshi hapa Uganda, nakaanga mandazi ya watoto, simu ya wifi yangu ikaanza kuita bila kupumzika. Kambi ya vijana wetu, askari wa Uganda walio kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, huko Buulo Mareer kusini mwa Somalia, ilikuwa imevamiwa alfajiri. Wanamgambo wa Al-Shabaab walitanguliza magari yenye mabomu, kisha wapiganaji wakaingia. Baadaye Rais Museveni alisema walikuwa kama 800. Mdogo wangu alikuwa Somalia. Yuko kambi gani? Mama hakujua, mkewe hakujua, mimi sikujua.

Nawaandikia nyie dada zangu mlio na mume au ndugu anayejiandaa kwenda. Askari haruhusiwi kutangaza alipo, na hilo liheshimiwe. Lakini yapo mambo ambayo si siri, sisi tu hatukuwahi kuyauliza: namba yake ya jeshi, kikosi alichoondoka nacho, jina lake kama lilivyoandikwa kazini. Wetu sisi nyumbani tunamwita Juma, jina la babu yetu, na halimo kwenye ndaga muntu yake, yaani kitambulisho cha taifa. Wifi alikwenda getini mwa kambi ya jeshi, mtoto mgongoni, kumwulizia Juma. Afande wa zamu alimsikiliza kwa upole kabisa, akamwuliza, "Juma yupi, mama? Namba yake?" Alirudi nyumbani analia, na mimi nililia naye, maana kile kipande cha karatasi tungekiandika siku yoyote kwa dakika mbili.

Fomu ya ndugu wa karibu ndiyo inayoniumiza mpaka leo. Juma aliijaza alipoandikishwa jeshini, hajaoa, akaweka jina la baba na simu ya baba. Baba alifariki, Juma akaoa, akazaa, fomu ikabaki vilevile. Maana yake ni kwamba kama angekuwa miongoni mwa waliokufa, jeshi lingepiga simu ya marehemu. Tafadhali, mwambie abadilishe kabla hajaingia mafunzo ya Singo, kambi wanakoandaliwa kwa safari ya Somalia, na akuonyeshe kwa macho. Mwulize na akiba yake ya Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, ameandika jina la nani? Wengi wetu tunaogopa kuuliza tusionekane tunamtabiria mtu kifo. Mimi niliogopa. Siku hizi nauliza mbele ya mama, na mama mwenyewe ananisaidia kuuliza.

Halafu simu. Kutoka Ijumaa ile mpaka Jumamosi ya tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, mahujaji wakiwa Namugongo, hatukuwa na idadi rasmi. Siku nane. Al-Shabaab walidai wameua 137. Rais alipotoa taarifa alitaja 54. Katika pengo lile ziliingia picha na video kwenye WhatsApp. Shangazi alitumiwa picha ya askari amelala kifudifudi, akasema ni mgongo wa Juma. Haukuwa mgongo wa Juma, ila ulikuwa wa mtoto wa mtu, na sisi tulikwisha kuisambaza kwa watu sita tukiuliza "ni yeye?" Wale wanaopiga picha zile wanazipiga ili zifike kwa mama zetu. Ikikufikia, ifute. Usimtumie mtu hata kwa kuuliza.

Juma alipiga simu siku ya tano. Alikuwa kambi nyingine kabisa. Kumbe alikwisha kutuma salamu tangu Jumamosi kwa mke wa mwenzake huko Gulu, yule mama hakuwa na namba yetu hata moja. Chagueni mtu mmoja ambaye simu yake haizimwi, awe ndiye wa kupigiwa kwanza, naye awaambie wengine. Kwetu sasa ni mimi. Na mkewe au mama akikupigia mara ishirini kwa siku kuuliza kama kuna neno, pokea zote ishirini.

Wazee wa hapa walikumbuka Janaale, kambi yetu nyingine iliyovamiwa Septemba 2015 katika mkoa uleule wa pwani, Shabelle ya Chini. Walikaa na mama barazani, hawakusema maneno mengi, wakamfanya anywe chai. Naomba mjifunze kwao.

Maana jirani yetu wa nyumba ya tatu, mumewe hakupiga simu. Nilikwenda kwake nikiwa bado na furaha usoni, sikujua niifiche wapi. Usimwambie "pole, wetu amepona". Usimwambie Mungu ana makusudi yake. Nilichukua ndoo nikamtekea maji, nikaogesha watoto wake wawili, nikarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka jeneza lilipoletwa. Hata leo, kila Ijumaa nikikaanga mandazi, sahani yao inatangulia.