Barua kwa mwanangu: Yesu alimwomba nani Gethsemane?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Swali lako nimelipata: mwenzako wa kazini, Mwislamu, amekuuliza, "Kama Yesu ni Mungu, na Mungu ni mmoja, kule bustani ya Gethsemane, usiku wa kuamkia kifo chake, alikuwa anamwomba nani?" Umesema ulikosa la kumjibu, na kwamba hutaki jibu la kumfunga mdomo, unataka jibu ambalo wewe mwenyewe unaweza kulisimamia. Nimefurahi ameuliza hilo. Ukiielewa Gethsemane sawasawa, mengi ya Utatu yatakufungukia.

Andiko lenyewe ni Marko 14:36: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako; uniondolee kikombe hiki; walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Yapo majibu matatu yanayosikika sana kwa waamini wetu, na Kanisa lilikwisha kuyakataa yote zamani. Tuyaondoe kwanza.

La kwanza linasema alijiomba mwenyewe, kwa kuwa Baba na Mwana ni yule yule aliyebadili sura. Ndilo lililojificha ndani ya mfano wa maji, barafu na mvuke, ambao hata watoto wa Komunyo ya kwanza hufundishwa. Maji yakishaganda yote hayabaki maji ya kunywa. Basi kwa mfano huo, Baba akishakuwa Mwana, hakuna tena Baba wa kuombwa. Fundisho hili huhusishwa na Sabelio, aliyefundisha Roma mwanzoni mwa karne ya 3. Ubatizo wa Yesu unatosha kulijibu: Mwana yuko mtoni Yordani, Roho anashuka kama hua, na sauti ya Baba inatoka mbinguni, yote kwa wakati mmoja (Mathayo 3:16-17).

La pili linasema hakuwa anaomba kweli, alitaka tu kutuonyesha namna ya kuomba. Hapo Gethsemane inageuka maigizo. Luka anataja hari iliyokuwa kama matone ya damu (22:44), na Waebrania 5:7 inataja kulia sana na machozi. Usimtetee Bwana kwa kumfanya mwigizaji.

La tatu linawavutia waliosoma kidogo: eti ubinadamu wake uliuomba umungu wake. Lakini asili, yaani kile mtu alicho, haiombi; anayeomba ni mwenye asili hiyo. Ukilishika jibu hili umempasua Yesu kuwa wawili, mtu mmoja na Mungu mmoja, wanaozungumza wao kwa wao ndani ya mwili mmoja. Kosa la kumgawa Kristo namna hiyo ndilo lililokataliwa kwenye Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Efeso mwaka 431, pale Nestorio, Patriaki yaani askofu mkuu wa Konstantinopoli, alipohukumiwa.

Sasa jibu lenyewe. Jizoeze kutenganisha maswali mawili: "ni nini?" na "ni nani?" Ukiuliza Mungu ni nini, jibu ni moja tu: umungu mmoja usiogawanyika. "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja" ni Kumbukumbu la Torati 6:4, na Yesu mwenyewe alilirudia alipoulizwa amri iliyo ya kwanza (Marko 12:29). Hapo wewe na mwenzako hamjagombana bado. Ukiuliza ni nani, majibu ni matatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ndio tunaowaita Nafsi. Hatusemi kwamba Mungu ni mmoja na papo hapo miungu ni watatu. Hilo lingekuwa kujipinga. Tunahesabu moja kwa jambo moja, na tatu kwa jambo jingine. Na tafadhali usimjibu kwa hesabu ile ya 1 mara 1 mara 1. Kwa hesabu hiyo hata Nafsi mia zingetoa moja, na yeye ataligundua hilo mara moja.

Atakachokuuliza baada ya hapo ni hiki: wanadamu watatu nao wana ubinadamu mmoja, mbona tunawaita watu watatu? Ni pingamizi zito, na Askofu Gregori wa Nisa alilijibu kwa maandishi katika karne ya 4. Watu watatu wakifanya kazi moja, kila mmoja anafanya sehemu yake, kwa nia yake, na mmoja anaweza kuondoka wenzake wakaendelea. Katika Mungu hakuna sehemu ya Baba na sehemu ya Mwana. Kila tendo hutoka kwa Baba, kwa njia ya Mwana, likatimizwa katika Roho, nalo ni tendo moja. Utashi, yaani uwezo wa kutaka na kuamua, ni mmoja, na uweza ni mmoja. Ndiyo maana sala nyingi za Misa huelekezwa kwa Baba, kwa njia ya Kristo, katika umoja wa Roho Mtakatifu. Ukizisikiliza Jumapili utaona fundisho zima limekaa humo.

Sasa mwulize Yesu maswali yale yale mawili. Ni nani? Mmoja tu: Mwana. Ni nini? Hapa ndipo majibu yanakuwa mawili: Mungu kweli na mtu kweli. Mtaguso wa Kalkedoni, mwaka 451, uliweka mipaka minne: asili hizo mbili hazichanganyiki, hazibadiliki, hazigawanyiki, hazitengani. Basi jibu la mwenzako ni hili: aliyeomba ni Mwana, aliyeombwa ni Baba, na Mwana aliomba kwa ubinadamu alioutwaa. Hakujiomba, kwa kuwa Mwana siye Baba. Hakukuwa na miungu wawili bustanini, kwa kuwa umungu wa Mwana ni ule ule wa Baba. Na kuomba kulimstahili, kwa kuwa alikuwa mtu kweli, na mtu humwomba Mungu.

Maneno "si kama nitakavyo mimi" ndiyo yaliyoleta ubishi mkubwa. Katika karne ya 7 watawala wa Konstantinopoli walitaka kuwapatanisha Wakristo waliogawanyika juu ya Kalkedoni, na njia iliyopendekezwa ilikuwa kusema Kristo ana utashi mmoja tu, ule wa kimungu. Mmonaki Maksimo Muungamadini alikataa, na hoja yake iliegemea sala hii hii. Kama Kristo hakuwa na utashi wa kibinadamu, ni nani pale aliyekiogopa kikombe? Umungu hauogopi kifo. Kuogopa kifo ni kwa kila chenye uhai, wala si dhambi. Dhambi ingekuwa kuukataa mpango wa Baba. Utashi wa kibinadamu wa Kristo ulishtuka, kisha ukakubali. Na ilibidi akubali kwa utashi huo, maana Adamu alianguka kwa utashi wa kibinadamu, na kama alivyokwisha kuandika Gregori mwingine, askofu aitwaye Gregori wa Nazianzo, kisichotwaliwa hakikuponywa. Mwaka 645, huko Kartago katika Afrika ya Kaskazini, Maksimo alijadiliana hadharani na Piro, aliyekuwa Patriaki wa Konstantinopoli. Mwaka 662 alikatwa ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka ule ule. Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, 680 hadi 681, ukalitangaza lile alilolitetea kuwa ndiyo imani ya Kanisa. Watu hawakatwi ulimi kwa jambo dogo, mwanangu. Walijua kwamba ukimwondolea Yesu utashi wa kibinadamu, utii wake si utii wetu tena.

Huenda atakutajia pia Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi." Ario, padre wa Aleksandria, aliegemea maandiko ya namna hii akafundisha kwamba Mwana ni kiumbe cha kwanza, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulijibu kwa maneno unayoyasali katika Nasadiki: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Atanasi, Askofu wa Aleksandria, alifukuzwa jimboni mwake mara 5 kwa kuyashikilia. Baba ni mkuu kwa Mwana aliyefanyika mtu, na ni chanzo cha Mwana tangu milele, lakini hakumtangulia kwa muda. Mfungulie mwenzako Yohana 17:5, ambapo Yesu anautaja utukufu aliokuwa nao pamoja na Baba "kabla ya ulimwengu kuwako." Na umwambie bila kusita kwamba kuzaliwa huku hakuna mke wala mwili ndani yake, wala Mama Maria si mmoja wa Utatu. Anachokikataa hapo, na sisi tunakikataa.

Andiko moja usilitumie: 1 Yohana 5:7 kwa ule usomaji mrefu, unaosema wako watatu mbinguni, Baba, Neno na Roho. Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Akilijua hilo kabla yako, ataacha kuyaamini hata yale mengine uliyomwambia kwa haki.

Kuhusu Roho, hukuuliza, lakini watu humgeuza kuwa nguvu tu, kama umeme. Soma Matendo 5:3-4, Petro anapomwambia Anania kwamba amemwambia uongo Roho Mtakatifu, kisha akasema amemwambia uongo Mungu. Soma na 13:2, Roho anaposema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli." Nguvu haidanganywi wala haisemi "nitengeeni". Ila ukiulizwa kuzaliwa kwa Mwana na kutoka kwa Roho kunatofautiana vipi ndani ya Mungu mwenyewe, sema kwamba hatukufunuliwa. Gregori wa Nazianzo alikataa kulichokonoa hilo, nawe una ruhusa ya kunyamaza hapo.

Anza naye kwa kusoma Yohana sura ya 17 yote, ni aya 26 tu, kabla ya hoja yoyote. Halafu uniandikie alichosema.

Mama yako