Kutunga fumbo la kenken: maswali yenu

Habari zenu wadau. Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja, jinsi ya kutunga kenken mwenyewe. Kwa ambao hawaijui, ni lile fumbo la viboksi ambapo unajaza namba (1 hadi 3 kwenye tatu kwa tatu, 1 hadi 4 kwenye nne kwa nne) na namba haijirudii kwenye mstari wowote, wa kulala wala wa kusimama, halafu viboksi vimezungushiwa wino mzito vikawa vizimba na kila kizimba kina jibu lake la hesabu kwenye kona. Twende.

*Nianze na vizimba au na namba?*

Namba. Anza na jibu lenyewe. Chukua daftari la hesabu la viboksi uchore tatu kwa tatu, juu jaza 1 2 3, katikati 2 3 1, chini 3 1 2. Sasa kata vizimba: ile 1 ya kona ya juu kushoto na 2 iliyo chini yake, andika 3+, yaani zikijumlishwa ni 3. Zile 2 na 3 zilizobaki juu, andika 6×. Chini 3 na 1, andika 2−. Zimebaki tatu, 3 na 1 za katikati na 2 ya kona ya chini kulia, nazo 6×. Futa namba zote umpe mtu. Ataingilia juu, kwasababu viboksi viwili vya 6× ni lazima 2 na 3, kwahiyo kona ni 1, chini yake 2, chini tena 3, na zingine zinajipanga zenyewe. Mlango kama huo lazima uwepo, la sivyo unamlazimisha mtu abahatishe na hiyo sio haki kabisa.

*Nilimpa mdogo wangu fumbo la nne kwa nne akaleta jibu tofauti na langu na hesabu zote zinakubali. Nani kakosea?*

Wewe dada, yeye mpe maksi zake zote. Hili ndo kosa linaloniuma kuliko yote maana nilishawahi kutoa kopi nzima za darasa halafu watoto wakaanza kubishana na wote wako sahihi. Angalia, mstari wa juu unaanza 1 2 3, wa pili 2 1 4, na wewe umezungushia ile 1 2 ukaandika 3+, na 2 1 ya chini nayo 3+. Mtu akizigeuza zote mbili, juu 2 1 chini 1 2, hakuna kinachoharibika popote, jumla bado ni 3. Dawa ni kuvunja hivyo vizimba, ile 2 ya juu iunge na 3 iliyo kulia kwake uandike 6×, sasa akigeuza anapata 1 mara 3 na anakwama hapo hapo. Halafu lifumbue tena lote kwenye karatasi safi, bila kuchungulia jibu, na kila namba unayoandika ujiulize kwanini sio nyingine.

*Mbona kutoa na kugawanya naona kwenye viboksi viwili tu?*

Kwasababu namba zikiwa tatu haijulikani ipi inatoa ipi. Zikiwa mbili ni kubwa toa ndogo, basi. Ila chagua vizuri, kwenye nne kwa nne 3− ni 1 na 4 tu, wakati 1− inaweza kuwa 1 na 2, 2 na 3, au 3 na 4. Ya kwanza inafungua, ya pili inaficha, changanya zote.

*Mimi mwalimu wa darasa la nne, nianze na saizi gani?*

Nne kwa nne mwalimu, ya kujumlisha tupu kwanza. Tatu kwa tatu kuna njia 12 tu za kuijaza, watoto wataizoea haraka, nne kwa nne zipo 576 na tano kwa tano 161,280. Na aliyebuni kenken mwaka 2004 ni mwalimu mwenzako, Tetsuya Miyamoto wa Japani, aliwatungia wanafunzi wake.

*Namba inaruhusiwa kujirudia ndani ya kizimba?*

Kwenye kenken ndio, ilimradi zisiwe mstari mmoja. Kwenye killer sudoku, fumbo jingine la namba lenye vizimba, hapana. Mfano kizimba cha viboksi vitatu kilichopinda, 12× kwenye nne kwa nne, kinaweza kuwa 1, 3 na 4, au 2 mbili na 3, na hapo 3 lazima ikae kwenye kona ya katikati.